Kusema Breki

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa baiskeli. Fundi Mkuu wa karakana ile ya Tabora alinipa sahani ya bati yenye mafuta ya taa, akamwaga ndani yake gololi zilizoshika kutu, akaniuliza, "Kidato cha nne umemaliza?" Nikaitikia ndiyo, kifua mbele. "Basi zihesabu hizo, msomi. Kisha uzioshe." Nilihesabu mara tatu nikapata majibu matatu. Akasema serikali imepoteza chaki bure.

Ninyi mnaofundishwa kazi na simu mtanicheka, lakini nilikaa miezi miwili na gololi kabla ya kukabidhiwa breki. Breki za wakati ule hazikuwa za waya. Zilikuwa za vyuma vyembamba vinavyoshuka kutoka kwenye usukani hadi kwenye rimu. Kishikio cha kulia kilivuta breki ya mbele, cha kushoto kilivuta ya nyuma. Niliuliza kwa nini, maana msomi lazima aulize.

"Sisi tunapita kushoto mwa barabara," alisema Fundi Mkuu. "Ukitaka kukata kulia unanyoosha mkono gani?"

"Wa kulia."

"Unabaki na mkono gani kwenye breki?"

"Wa kushoto."

"Basi huo uwe wa nyuma. Ya mbele ukiibana peke yake kwa ghafla, baiskeli inasimama, na wewe unaendelea na safari."

Kila nilipokosea alinigonga vidole kwa spana, si kwa nguvu, ila kwa uaminifu. Baada ya miaka sita pale, mikono yangu ilifunga breki bila kuniuliza. Nilikuwa naweza kufunga huku nabishana mpira.

Toronto sikuja kwa kupenda safari. Mimi safari yangu ninayoipenda ni ya kutoka jikoni hadi kwenye kochi. Mke wangu, Neema, alitangulia kuja kuhudumia wazee, akaniandikia kwamba nisipokuja atanihesabu miongoni mwa samani alizoziacha. Nikaja. Kituo changu cha kwanza cha kazi kilikuwa ghala moja la Downsview, ambako baiskeli zilifika zimekunjwa ndani ya maboksi na sisi tukaziunga: usukani, pedeli, gurudumu la mbele, breki. Kiongozi wetu alikuwa Msimamizi wa Zamu, mtu mfupi anayetembea na saa mkononi kama refa.

Siku ya kwanza niliunga sita. Nikasimama pembeni nikisubiri pongezi. Msimamizi wa Zamu akashika usukani wa ya kwanza, akabana, akashika wa pili, akabana, akageuka.

"Nani kafunga hizi?"

"Mimi, bosi."

"Unataka kuua watu?"

Ndipo nikajua kwamba ya huku ni kinyume. Huku watu hupita kulia mwa barabara, hunyoosha mkono wa kushoto wakikata kona kubwa ya kushoto, kwa hiyo breki ya nyuma hukaa kulia na ya mbele kushoto. Nilizifungua zote sita mbele ya wenzangu, wakicheka kwa lugha tisa. Niliporudi nyumbani nikamwambia Neema kazi imeenda vizuri.

Miaka minne baadaye nikahamia duka la baiskeli la Scarborough, katikati ya duka la nywele na duka la samaki, nikakaa hapo mpaka mwisho. Mkubwa wangu alikuwa Mkuu wa Benchi, mama mwenye mikono kama koleo na sauti ya kuamsha jengo. Benchi ni ile meza ya kazi, na sheria za benchi alizitunga yeye. Moja aliiita kusema breki. Ukimaliza kufunga breki, unainua baiskeli, unazungusha gurudumu la mbele, unabana kishikio cha kushoto, na gurudumu likisimama unasema kwa sauti: "Kushoto, mbele." Kisha la nyuma: "Kulia, nyuma." Na lazima awepo mtu wa pili anayesikia na kutazama. Asipoitikia, baiskeli haitoki.

"Kwa nini mtu wa pili?" nilimuuliza.

"Kwa sababu wa kwanza ni mpumbavu," alisema. "Hata mimi. Nikifunga mwenyewe nakuwa mpumbavu."

Nilimsemea breki, akanisemea, miaka kumi na tisa. Wateja walidhani tunasali.

Pale ndipo nilipompata Anselmo. Alikuwa Mgoa wa Tanga, mstaafu aliyeishi Mississauga, mji wa jirani, mwembamba kama spoki, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu, jambo ambalo alinikumbusha kila wiki. Alipenda zile safari ndefu za baiskeli ambazo si mashindano. Unapewa kadi, unapita vituo vilivyopangwa, kila kituo wanakugongea muhuri, na unatakiwa umalize kabla ya muda kwisha. Kilomita mia sita kwa saa arobaini. Hakuna zawadi. Ukifika wa kwanza unapewa chai, ukifika wa mwisho unapewa chai.

"Sasa faida yake nini?" nilimuuliza.

"Ewe Mzee Kochi, utajuaje? Wewe ukipanda ngazi mbili unaomba maji."

Hilo ndilo jina alilonipa, Mzee Kochi, na duka zima likalishika. Nami nilimwita Bwana Muhuri. Nilimjengea magurudumu mawili, spoki kwa spoki, akayaendesha miaka saba bila kuyapeleka kwa fundi mwingine. Mtu akikuamini kwa magurudumu amekuamini kwa meno yake.

Alipofikisha miaka sitini na sita akasema anataka kwenda Wales, kwenye safari ya milimani, mia sita kamili, na nisipofuatana naye hatakwenda. Nilimwambia milima naijua kwenye kalenda. Akamtuma mkewe, shemeji Filomena, na Filomena hakuniomba. Aliniambia siku ya ndege.

Nchi ile ni nzuri kwa mtu anayeitazama kupitia dirishani. Vilima vimepangana kama magoti ya watu waliolala, kondoo kila mahali, njia nyembamba zilizobanwa na ua wa miti pande zote mbili, na mvua isiyonyesha sana wala kukatika. Filomena aliendesha gari la kukodi, nami nilikaa na boksi la vifaa magotini. Sheria ya safari ile ni kwamba msaidizi hasaidii njiani ila vituoni, basi tulitangulia kituo hadi kituo tukimsubiri. Magari yanapita kushoto kule, kama Tabora. Filomena alisema, "Shemeji, nimekuwa msichana wa Tanga tena." Nami nilikubali kwamba mwili wangu wote ulikuwa umepumua. Nilitazama upande uliokuwa sahihi kabla ya kuvuka barabara. Nilipoingia ukumbi wa kijiji uliokuwa kituo, niliona baiskeli ishirini zimeegemezwa ukutani, zote zimefungwa breki kama alivyonifundisha Fundi Mkuu. Kulia, mbele. Nilizipapasa moja moja kama mtu aliyekuta ndugu zake kwenye harusi ya wageni.

Asubuhi ya siku ya pili Anselmo aliingia ukumbini saa nne, matope hadi kwenye masikio. Alikuwa na kilomita mia nne nyuma yake. Akagongewa muhuri, akanywa chai akiwa amesimama, akaniambia breki zinalia na kushika kwa shida. Niliikagua baiskeli yake, ileile tuliyoileta kutoka Toronto. Waya wa mbele ulikuwa umeanza kuachana nyuzi pale unapoingia kwenye kishikio, na maganda ya waya, ile mirija ya nje, yalikuwa yamejaa mchanga.

"Nibadilishe zote mbili," nilisema. "Nipe dakika arobaini."

"Chukua. Mimi nalala hapa chini. Ukimaliza, niamshe unisemee breki."

Alilala kwenye sakafu ya mbao, kofia juu ya macho, kadi yake ya mihuri ndani ya mfuko wa nailoni kifuani. Filomena alikuwa garini amelala pia. Mama mmoja mzee wa kijiji aliyekuwa akigawa chai aliniletea kikombe, akaniuliza kama kwetu kuna vilima. Nilivua waya zote mbili na maganda yake, nikatia mpya. Nilikuwa namsimulia mama yule habari za Tabora na breki za vyuma. Mikono ilifanya kazi huku mdomo unasimulia, kama zamani.

Nilimaliza mapema. Nilibana vishikio vyote viwili, vikashika vizuri. Nikamtazama Anselmo. Alikuwa anakoroma kwa utulivu, mdomo wazi, uso wake umekuwa wa kijivu. Zilibaki dakika kumi na tano za usingizi wake. Nilimwonea huruma, nikamwacha. Nilimwamsha wakati wa kuondoka, akapanda akiwa nusu macho, akauliza, "Umesema?" Nikamwambia, "Nimeshasema, nenda." Wala sikuwa nimesema chochote. Nilidhani ni utani mdogo kati ya marafiki.

Kutoka kituo kile barabara ilipanda kilomita tisa. Mtu anayepanda kilima hana haja ya breki. Juu kulikuwa na uwanda mfupi wa majani na kondoo, kisha mteremko.

Simu ilimfikia Filomena tukiwa kwenye barabara kuu. Mwendeshaji mwingine alimkuta Anselmo kwenye kona katikati ya mteremko ule, chini ya ua wa miti, baiskeli ikiwa nyuma yake. Tulipofika, gari la wagonjwa lilikuwa limeshafika. Alikuwa na fahamu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala pembeni yake kama kitu alichokibeba kwa niaba ya mtu mwingine. Aliponiona alijaribu kucheka.

"Mzee Kochi. Nimelala njiani."

"Usiseme, kaka."

"Nilibana kidogo tu, kuipunguzia mwendo. Halafu nikajikuta hewani. Nilisinzia, Fundi. Lazima nilisinzia."

Walimchukua. Filomena alifuata na gari, nami nikabaki na baiskeli na boksi langu la vifaa pale kwenye kona, mvua inaninyeshea. Kijiji chenye kituo kinachofuata kilikuwa chini, kama kilomita tatu. Baiskeli ilikuwa imechubuka tu kwenye utepe wa usukani. Ningeweza kuikokota. Lakini uvivu wangu wa kutembea ni mkubwa kuliko woga wangu wa kupanda, basi nikanyoosha usukani, nikafunga boksi mgongoni kwa mshipi, nikapanda, nikaanza kuteremka.

Njia ilikuwa kali, imelowa, ina kinyesi cha kondoo, kona juu ya kona. Mimi si mwendeshaji. Mimi ni mtu wa kochi. Na bado ile baiskeli ilinitii kama punda niliyemlea. Kila kona nilibana kwa kulia taratibu, nikasaidia kwa kushoto, ikapunguza mwendo bila kuteleza. Nilianza hata kujisifu. Nikasema moyoni, kumbe ninaweza.

Kwenye kona ya nne au ya tano nikajiuliza kwa nini naweza.

Nilisimama. Niliinua gurudumu la mbele, nikalizungusha, nikabana kulia. Likasimama.

Sasa nitawaambia nilichofanya, na sitakipaka rangi. Nilifika kituoni, nikaiweka baiskeli kwenye banda nyuma ya ukumbi, nikafungua boksi langu. Nikavua waya zile nilizozifunga asubuhi, nikatia nyingine, kushoto mbele, kulia nyuma, kama anavyofunga fundi yeyote wa Toronto. Ilinichukua nusu saa. Mikono haikutetemeka hata kidogo, na hilo ndilo linalonichukiza zaidi. Kisha nikaingia ndani nikaomba chai.

Hospitali walimwambia mishipa inayotoka shingoni kwenda mkononi imekatika, na haiungi kwa umri wake. Mkono ulibaki mahali pake lakini haukuwa wake tena. Tulirudi Toronto. Mabinti zake wawili, wanaoelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, walimwambia kwamba mtu anayelala juu ya baiskeli atalala pia kwenye usukani wa gari. Wakachukua baiskeli zake wakazigawa. Wakachukua na funguo za gari. Mississauga bila gari ni kama nyumba bila mlango. Filomena hakumpigia kelele. Aliacha tu kumwamini. Akiwa ameketi kimya mezani, angemwuliza, "Anselmo, uko macho?" Nilimsikia mara nyingi, kwa sababu nilikuwa nakwenda kuwaona. Filomena alinishukuru kila safari, akisema anajua ninavyochukia kutoka nyumbani. Anselmo aliniuliza kila safari, "Fundi, wewe ulishawahi kuona mtu anasinzia saa moja tu baada ya kutoka usingizini?" Nami nilijibu kwamba uchovu una mambo yake.

Hivyo kwa miaka minne.

Nilipostaafu, Mkuu wa Benchi, naye akiwa na mvi tupu, alifunga duka saa sita mchana, akaleta keki na soda. Anselmo alikuja peke yake, treni na mabasi mawili, mkono wa kulia umetiwa mfukoni ili usining'inie. Aliomba kusema neno, akalisema kwa Kiingereza ili wote waelewe.

"Mimi nilianguka kwa uzembe wangu," alisema, "na nimeomba radhi kwa kila mtu niliyempa shida. Lakini nataka mjue mtu huyu alivyo. Siku ile alinifungia breki mpya mimi nikiwa nimelala sakafuni, na alipomaliza hakuniamsha. Aliniachia usingizi wangu. Huyo ndiye rafiki."

Watu walipiga makofi. Mkuu wa Benchi hakupiga. Alikuwa ameshika kisu cha keki, ananitazama. Alinisogelea, akasema kwa sauti ya chini ambayo sikujua kama anayo:

"Alikuwa amelala?"

"Ndiyo."

"Sasa nani alikusikia?"

 Alikata keki, akanipa kipande changu, hakuniangalia tena. Sheria ni yake, na mfungaji alikuwa mimi. Hakuhitaji zaidi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mississauga bila kualikwa. Anselmo alifungua mlango kwa mkono wa kushoto.

"Mzee Kochi! Safari mbili kwa mwezi mmoja? Nani amekufa?"

"Hajafa mtu."

"Basi ingia, Filomena yuko jikoni, umefuata harufu."

Tulikaa mezani. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ndani ya treni, yenye utangulizi, yenye Tabora, yenye mvua, yenye mama wa chai. Yote yalinitoka. Nikasema, "Kulia, mbele."

Alitabasamu kwanza, akidhani ni mzaha wa benchi. Kisha tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Aliinua mkono wa kushoto hewani, akabana vidole polepole, kama anashika kishikio. Akautazama wa kulia uliolala mapajani. Uso wake ulisafiri. Nilijua amefika kwenye ile kona.

"Ulijua lini?"

"Siku ile ile. Niliiteremsha mwenyewe."

"Lakini baiskeli ilirudi ikiwa sawa."

"Nilibadilisha waya bandani."

Aliurudisha mkono wa kushoto mezani. Jikoni mafuta yalikuwa yanachemka. "Sikusinzia," alisema, si kwangu. Akarudia, "Sikusinzia."

"Hukusinzia, kaka."

"Usiniite kaka." Kisha akainua sauti, "Filomena! Zima jiko, njoo."

Filomena alikuja akijifuta mikono, akatutazama wote wawili, akauliza kama kila siku, "Anselmo, uko macho?"

"Niko macho," alisema Anselmo. Akanigeukia. "Sema tena. Mtu wa pili asikie."

Nikasema.

Sasa niko nyumbani, kwenye kochi nililolitamani maisha yangu yote, na hakuna anayenitania kwalo. Neema hunipitia akienda kazini, ananitazama, anatoka. Nasikia Anselmo amerudishiwa funguo za gari, na kwamba anaendesha kwa mkono mmoja hadi kanisani na kurudi. Nasikia kwa watu. Kwake sijakwenda tena, wala sijaitwa.

Mafundi vijana huniuliza jukwaani kwenye mikutano ya jumuiya nini cha kukumbuka katika kazi hii, wakitaka nizungumzie vifaa. Vifaa mtavisoma. Ninalo moja tu la kuwaambia. Ukimaliza kufunga breki, na mwenye baiskeli amelala, na amechoka, na unampenda, mwamshe.